Dakika Tatu za Bi Subiri

Chumba cha Wahariri, Ghorofa ya Pili
Jumapili, alasiri

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, kwamba lile sikio la kushoto lililochoshwa na miaka ishirini na sita ya hedifoni limepunguza kivumo chake, na kwamba jicho nalo linaendelea kuitii dawa ya matone. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo nitazieleza hapo chini kwa utaratibu, kwani wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu haanzi kumwaga yake kabla hajauliza ya mwenzake. Nisalimie nesi wa nyumba ya pili, na umwambie namshukuru kwa kukusomea barua zangu zote zilizotangulia. Hii, hata hivyo, nakuomba uisome mwenyewe. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu hiyo.

Barua yako ilinifikia juma lililopita, nami nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Unasema baba amekupa habari za kitabu, na kwamba umewatangazia wenzako wote uliostaafu nao kwamba yule mtoto uliyekuwa ukimwita Profesa kabla hajang'oka meno ya utoto sasa anachapishiwa kitabu. Unasema umeviondoa vikombe vyote kwenye kabati la kioo ili kitabu kikae peke yake, kama bosi. Unasema pia kwamba nesi ameahidi kukusomea kwa sauti, hadithi moja kila jioni, mpaka kiishe. Ni sentensi hiyo ya mwisho, Shangazi, iliyoninyima raha tangu siku ile.

Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Utaikumbuka tasnifu yangu ya chuo kikuu, ile niliyokuletea ikiwa na jalada jeusi na maandishi ya dhahabu. Niliandika juu ya namna maisha ya mwandishi na zama zake zinavyoufinyanga mtindo wake. Nilieleza jinsi mfungwa anayeandika kwenye karatasi za pakiti za sigara anavyojifunza kuyabana maneno. Jinsi mtu aliyekulia katika nyumba yenye watu wengi anavyoujaza ukurasa sauti zinazokatizana. Jinsi nyakati za hofu zinavyomzoeza mwandishi kulisema jambo kwa kuzungumzia jambo lingine. Wewe uliifungua kurasa mbili tatu, ukacheka, ukaniuliza kama wakubwa wa chuo wanajua kwamba nimekaa miaka minne darasani kuthibitisha kuwa seremala hunuka mbao. Nilicheka nawe, lakini moyoni niliona hukuelewa. Nilipewa alama za juu kuliko wote wa mwaka wangu.

Kwa alama hizo nilipata kazi hapa. Chumba chetu kina meza nne na madirisha mawili, moja lisilofunguka, na miswada imepangwa sakafuni hadi kufika magotini, ikisubiri kusomwa. Jirani yangu ni mpangaji kurasa, mtu wa maneno mengi, ambaye siku ya kwanza aliponisikia nikisema "kwa mujibu wa" mara tatu kabla ya saa nne asubuhi alinibatiza jina la Digrii. Mhariri mkuu ni mama mmoja mfupi, mpole wa sauti, ambaye sote tunamwita Kalamu Nyekundu, naye anajua. Hajawahi kumgombeza mtu. Hukurudishia tu karatasi zako, na zikirudi utadhani zimetoka machinjioni.

Nilitaka mno, Shangazi, mama huyo anione. Sikutaka kuwa mtu wa kusahihisha nukta za watu wengine hadi nywele zinyonyoke. Basi katika mwezi wa sita nilimwekea mezani muswada wa hadithi kumi na moja, umechapwa vizuri, jina langu likiwa juu kwa herufi nzito. Aliukalia siku tisa. Siku ya kumi aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, na nikaona ameivua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya ule muswada.

Alianza kwa kunisifu, kwa namna ambayo hajawahi kumsifu mtu mbele yangu. Kisha akaniambia kwamba kuna mambo yamemshangaza. Alisema amesoma hadithi zote kumi na moja bila kukutana na rangi ya shati hata moja, wala pua, wala kimo cha mtu. Lakini kila mhusika angeweza kumtambua gizani kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Alisema watu wa hadithi hizi hawatajwi majina, na hakuna anayesema jambo lake waziwazi. Kuna yule mume anayezungumza na mkewe juu ya paa linalovuja, mwanzo hadi mwisho, na msomaji ndiye anayeng'amua kwamba anamwonya asirudi nyumbani. Halafu akaigusa ile saa. Alisema kuna kitu kilimsumbua, akaamua kuzisoma hadithi hizo kwa sauti huku akizipima, na akagundua kwamba kila sehemu inachukua dakika tatu. Si mbili, wala si nne. Inapofika ya tatu hukatika, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

"Aliyeandika haya," alisema, "alikuwa akiwasikia watu bila kuwaona, na alikuwa na saa mbele yake."

Kisha akanionesha sehemu tano alizozichora kwa wino wake mwekundu. Katika sehemu hizo kulikuwa na nyuso: paji pana la uso, macho yaliyojaa huzuni, tabasamu la mashaka. Kulikuwa na majina pia. Aliniambia kwamba hapo ameingia mtu mwingine, na kwamba mtu huyo angefanya vizuri zaidi angekaa nje.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kwangu, Shangazi, na sikupita. Badala yake nilikaa vizuri kitini na kumpa mhadhara. Nilisema kwamba kuficha nyuso ni mbinu niliyoichagua kwa makusudi ili kuupinga utawala wa jicho katika masimulizi. Kwamba kipimo cha dakika tatu ni ubunifu wa kimuundo. Kwamba zile sehemu tano ni majaribio niliyokusudia kuyaondoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alitikisa kichwa taratibu, akasema vizuri, basi andika utangulizi, kurasa nne tu, uwaeleze wasomaji ni maisha gani na zama gani zilizokupa mtindo huu. Wewe ndiye bingwa wa jambo hilo, alisema, uliandikia tasnifu. Utangulizi ufike mezani kwake Jumatatu, ndipo kitabu kiende kiwandani.

Sijui kama alinitega. Nimejiuliza hivyo kila siku.

Leo ni Jumapili, na niko hapa ofisini peke yangu tangu asubuhi. Nimeanza utangulizi huo mara saba. Nimeandika kwamba nilikulia katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa watu, na nikaona kwamba mtu wa namna hiyo angejaza hadithi zake nyuso tele. Nimeandika kwamba nilizoea kufanya kazi kwa saa, na nikakumbuka kwamba sijawahi kuwahi popote isipokuwa kwenye mtihani. Nimeandika juu ya zama za hofu, na mimi zama hizo nilikuwa mgongoni, nimefungwa kanga, nimelala. Mtindo wangu halisi unauona kwenye barua hii: sentensi ndefu, zilizovaa tai, zinazomtazama msomaji kuona kama amevutiwa. Kila nilipoandika neno la kweli kuhusu zile hadithi, lilikuwa neno juu ya maisha ya mtu mwingine.

Shangazi, hadithi ni zako.

Zote kumi na moja. Zimetoka katika yale madaftari manne ya bluu uliyonikabidhi miaka mitatu iliyopita, yaliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Uliniambia ulikuwa ukiziandika kazini, kwenye swichibodi, nyuma ya vile vikaratasi vya kuandikia simu, kati ya simu moja na nyingine, kisha ukazinakili nyumbani. Ulinitaka nizisome na nikwambie kama zina maana. Ulisema hivyo tu, ukaenda kuanua nguo haraka, kana kwamba uliona haya kunitazama nikiyashika.

Nilizisoma siku nne. Sikuwa nimewahi kusoma kitu kama hicho. Kisha nikaja kukuambia, pale kibarazani, na nakumbuka maneno yangu yote kwa sababu niliyapanga. Nilisema ni juhudi nzuri kwa mtu asiyesomea fasihi. Nilisema wahusika wako hawana sura, na mhusika asiye na sura ni kivuli. Nilisema visa vyako havimaliziki. Wewe ulikuwa ukikunja shuka. Uliendelea kulikunja mpaka likawa dogo kama kitabu, ukasema basi, Profesa, yatafaa kuwashia jiko. Ulicheka, nami nikacheka. Baadaye uliponiuliza yalipo madaftari, nilikuambia yalilowa mvua nilipohama chumba. Hujaandika tena tangu siku ile. Najua, kwa sababu baba aliniambia kwamba kalamu zako umewagawia watoto wa nesi.

Nimeandika kurasa mia mbili kuthibitisha kwamba maisha huufinyanga mtindo, na sikuyatambua maisha uliyoyaishi mbele ya macho yangu. Mara ngapi ulinichukua kazini nikiwa mdogo, nikakaa chini ya meza kati ya miguu ya maopereta? Nilikuwa nikiiona mikono yako ikichomeka waya tundu hili, ikichomoa tundu lile. Nilikusikia ukisema "subiri kidogo, subiri kidogo" mpaka wenzako wakakuita Bi Subiri. Uliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo hukuwahi kumwona hata mmoja wa watu uliowaunganisha. Uliniambia kwamba mliapishwa kutorudia jina la mtu yeyote mliyemsikia, na kwamba wewe uliuheshimu kiapo hata ukiwa na kalamu. Uliniambia kwamba nyakati zile kila mtu alijua kuna sikio lingine kwenye laini, kwa hiyo watu waliagana kwa kuzungumzia mapaa yanayovuja. Na ile saa ya ukutani juu ya swichibodi niliitazama mpaka nikajifunza kusoma saa. Dakika ya tatu ikitimia uliingia kwenye laini, kwa sauti ileile, hata kama mtu analia, ukauliza, "Dakika tatu zimetimia. Mnaendelea?" Asiyejibu ulimkata.

Yote haya niliyajua. Niliyajua siku niliyokuambia hadithi zako hazina sura.

Sitajitetea kwa kusema nilikuwa kijana. Bado ni kijana, na niliiba mwaka huu. Wala si dhamiri iliyonisukuma kukiri. Nilishindwa kuvaa koti lako, kwa sababu lilishonwa kwa kipimo chako. Na niliogopa ile jioni ya kwanza, nesi akiwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, anafungua kitabu na kuanza kusoma. Ungeyatambua maneno yako kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Na ninakujua: ungemwachia asome mpaka mwisho, kisha ungekirudisha kwenye kabati la kioo, na usingesema neno kwa mtu yeyote.

Basi nimefanya hivi. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Nakala moja nimeiweka juu ya meza ya Kalamu Nyekundu, mahali ambapo utangulizi ulipaswa kuwa, na nimeupitisha chini ya mlango ufunguo wa ofisi yake, ili nisije nikabadili nia nikarudi kuichukua. Sijui kesho nitakuwa na kazi au la. Mpangaji kurasa atapata jina jipya la kuniita, na nitaliitikia. Zile sehemu tano nilizozichomeka mimi nimezifuta. Muswada uliobaki ni maneno yako matupu, na ukurasa wa kwanza, pale lilipokuwa jina langu, hauna kitu. Madaftari yako yamo humu ndani ya bahasha, na yamekauka vizuri, kwa kuwa hayakuwahi kulowa.

Hatima ya kitabu ni yako. Ukitaka kichapwe, mwandikie mhariri mkuu. Anwani nimeiweka nyuma. Usipotaka, mwandikie vilevile, naye atakurudishia muswada. Usiniandikie mimi ikiwa huwezi. Nitaelewa.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, na kabati la kioo. Virudishe vikombe vyako, Shangazi, angalau kwa sasa. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija, ana kwa ana, kwani yeye hupenda kumwona mtu usoni anapokosea.

Najua nimezungumza zaidi ya dakika tatu, na hukuniingilia. Sasa nimenyamaza. Waya uko mkononi mwako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
ambaye hastahili tena kuitwa Profesa.