Kinga ya Jina Mubaya

Bunia, tarehe 10 janvier 1982

Kwako Baba,

Tumusifu Yezu Kristu. Nakusalimia sana, weye na jirani wote wa Mahagi. Kile kikohozi cha mwezi wa kumi kilikwisha? Siye hapa tuko wazima, asante ya Mungu, sijui weye.

Habari iko moja. Angélique alizaa le 27 décembre, mutoto mwanamuke. Analia kwa nguvu, jirani wote wanamujua. Tumemupa jina la mama, Alphonsine. Padri aliuliza tunataka batizo siku gani, nikajibu siku ya Kupalizwa, le 15 août, juu mwaka huu inaangukia siku ya Mungu, siku ya misa.

Niliweka mbali hivyo kwa sababu yako. Kwetu mutoto wa jina la marehemu anapokelewa na mutu wa nyumba ya ule marehemu, na mutu huyo ni weye peke yako. Ninajua kamioni haupande. Sikuambie upande. Ninakujulisha siku tu.

Ninaachia hapa.

Mutoto wako,
Lambert


Mahagi, tarehe 2 février 1982

Kwa mutoto wangu Lambert,

Barua yako nilipokea mukononi mwa Théodore, ule dereva wa kamioni. Salamu kwa Angélique na kwa ule mugeni. Kikohozi kilikwisha, sasa magoti ndiyo yameanza. Mambo ya uzee.

Jina nimesikia. Ni vizuri.

Kamioni sipandi. Kwa miguu, Mahagi mpaka Bunia ni kilomètre mia moja makumi munane na kitu, kwa magoti haya nitafika wakati mutoto anapokea komunyo ya kwanza. Inabaki kinga, baisikeli tu. Ile yangu ya zamani, chuma yenye kushika gurudumu ya mbele ilipasuka, kuku ndiyo wanalala juu yake. Hapa kinga ziko, lakini wauzaji wanapaka rangi mupya juu ya kutu, wanafikiri siye hatuna macho. Nitazamie kule Bunia. Nimeuza mbuzi mbili, makuta iko kwa Théodore ndani ya kikopo cha tumbaku, na ingine nyuma haiko.

Ninataka kinga ya safari ndefu, si ya kwenda kanisani na kurudi. Chagua kwa akili, usichague kwa macho.

Baba yako,
Sébastien Ukumu


Bunia, tarehe 21 février 1982

Kwako Baba,

Nakusalimia kwa heshima. Magoti yako namna gani? Angélique anasema upake mafuta ya moto mangaribi. Mutoto anaongezeka uzito.

Kikopo kimefika. Siku ya posho mbili, zile za mbele ya siku ya Mungu, nimezunguka Bunia yote, na nimeona kinga tatu zinazoingia katika makuta yako.

Ya kwanza iko nyeusi, ya Wachina, mupya, katika duka moja la soko. Inabeba gunia mbili za maharagi bila kulalamika, na mipira yake unapata mpaka ndani ya vijiji. Ubaya wake ni uzito. Kwa milima ya Fataki utakuwa unaisukuma, na mutu hanunui kinga kusudi aisukume.

Ya pili iko ya course, ya kushindania mbio, nyepesi sana, unaiinua na vidole viwili. Lakini mipira yake ni myembamba, mawe ya kwetu yataikata siku ya kwanza. Tena inakulazimisha kuinama kama mutu anayetafuta sindano. Kwa umri wako, baba, samahani, hapana.

Ya tatu ndiyo moyo wangu unapenda. Ni ya mwalimu moja Mufaransa, Philippe, tunafundisha naye, anarudia kwao mwezi wa nne. Alikuwa anakwenda nayo Nyankunde na kurudi siku moja, na siku ingine anafika mpaka Aveba. Mipira yake ni ya kadiri, si minene si myembamba. Porte-bagage ya kufungia mizigo iko mbele na nyuma. Rangi imekwaruka, ndiyo maana bei ni ndogo, na itabaki hata ya kununua chambre à air mbili, ile mipira ya ndani. Na zaidi ya yote iko na dérailleur: nyuma kuko vyuma vitano vya meno, dérailleur inahamisha sheni toka chuma moja mpaka ingine. Ukifika mulimani unaweka kubwa, mugulu unakuwa mwepesi. Goti lako litakushukuru.

Kitu kimoja: pima mugulu wako kwa kamba, toka pale miguu inaachania mpaka chini, bila viatu. Unitumie ile kamba, nijue kama kinga ni ya urefu wako.

Mutoto wako,
Lambert


Mahagi, tarehe 16 mars 1982

Kwa Lambert,

Salamu. Mvua imeanza. Kamba iko ndani ya bahasha. Mama Anastasie, jirani, ndiye alinishikia upande wa chini, alicheka mpaka akaketi. Usinitume tena kazi ya namna hii.

Dérailleur hapana.

Unajua nilitumika reli miaka kumi na moja kule Mungbere. Mwaka moja mvua ilibeba udongo chini ya reli, vagoni tatu ziliacha njia zikalala mutoni. Tulitoa maiti mbili, moja ilikuwa Laurent, tulikuwa tunakula naye sahani moja. Chef akaandika neno moja juu ya karatasi kubwa, akalibandika kwenye mulango: DÉRAILLEMENT, ni kusema kuacha reli. Kifaransa changu ni kidogo, lakini hiyo neno ninaijua kuliko sala ya Baba Yetu. Sasa weye, mwalimu, unataka kunikalisha juu ya kinga yenye chombo ambacho kazi yake ni kutoa vitu njiani, tena bila kuficha, wameiita vile kwa jina! Dérailleur! Mutu gani mwenye akili anatengeneza kitu cha namna hii na kukiuzisha?

Barabara ilishatufanyia ya kutosha siye. Nunua ile nyeusi.

Baba yako,
Sébastien


Bunia, tarehe 7 avril 1982

Kwako Baba,

Nakusalimia sana. Siye wazima. Kwa kamba, asante, na umusalimie Mama Anastasie.

Nimesikia. Mambo ya dérailleur tumeacha. Kwa bahati nimepata kinga ingine, inafanana na ile ya tatu kwa yote, lakini dérailleur haiko. Yenyewe iko na vitesse tu, kama motokari. Upande wa mukono wa kuume kuko kijiti kidogo: ukikivuta, mulima unakuwa rahisi, ukikisukuma, mbio. Usikiguse kama miguu imesimama, ukiguse wakati unazungusha. Mafuta kwa sheni kila siku ya posho. Selle ya kukalia nimeshusha vidole viwili kufuata kamba yako.

Théodore atakufikishia nyumbani. Nimeifunga na makaratasi juu ya kamioni, isikwaruke zaidi.

Mutoto wako,
Lambert


Bunia, tarehe 20 juin 1982

Kwako Baba,

Tumusifu Yezu Kristu. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Uko muzima? Théodore anasema kinga alikupa mukononi mwezi wa ine, weye mwenyewe ukaipokea, ukaizunguka mara mbili.

Kama kinga haikukupendeza, sema. Kama ni kitu kingine, sema vilevile, mimi nimechoka kufanya kama sijui. Mwaka 75 ni mimi niliwatumia makuta ya nafasi moja juu ya ile kamioni ya chumvi. Nilitaka mama aone nyumba yangu, iko na madirisha ya vioo, alikuwa anaulizauliza juu ya vile vioo. Leo madereva wote wanaita ile kona ilipopinduka Viraje ya Chumvi, kama vile ni chumvi tu ilimwangika. Kwa mazishi ulinipa mukono namna unampa mutu wa Leta, wa serikali. Tangu pale tunaandikiana juu ya mvua, juu ya kikohozi, na sasa juu ya kinga. Miaka saba, baba. Haujakanyaga kwangu.

Kama unaona ni mimi nilimuua, niandikie vile. Nitasoma. Inaniuma sana, lakini nitasoma.

Mutoto anacheka sasa. Anafanana naye kwa paji la uso.

Lambert


Mahagi, tarehe 4 juillet 1982

Kwa mutoto wangu Lambert,

Salamu kwako, kwa Angélique, kwa mutoto. Mimi muzima.

Sikujibu juu nilikuwa ninajifunza kinga. Wiki ya kwanza niliangukia ndani ya mihogo ya Mama Anastasie, tumepatana. Sasa ninafanya Mahagi mpaka Ngote na kurudi, mara mbili kwa wiki. Mipira mizuri, freni nzuri, vitesse ninaelewa. Selle ndiyo ya mutu mwenye nyama, mimi nimeivalisha ngozi ya mbuzi. Uma, sheni, vyote nimefungua na kuosha mimi mwenyewe, kama tulivyokuwa tunafanya na mashini za reli.

Mambo ya mama yako haiko ya barua.

Nitatoka hapa le 11 août. Nitalala Ngote, nitalala Fataki, ya tatu nitaona. Usitume mutu kunipokea.

Baba yako


Viraje ya Chumvi, tarehe 13 août 1982

Lambert,

Barua hii ninaandika na crayon juu ya goti, Théodore amesimamisha kamioni anaingojea akuletee, watu juu yake wanapiga kelele. Kwa hiyo sitauliza afya.

Tangu Mahagi mpaka hapa kinga haina kosa. Milima yote ya Fataki nimepanda nikiwa nimekaa juu ya selle, vijana walikuwa wanatembea kando wakisukuma zao nyeusi. Nilipokuwa ninaiosha mwezi wa tano, niliona ile karatasi umefungia vitesse, iko ya duka kule Ulaya, wamechora chombo na jina lake chini. Dérailleur. Ulinidanganya, mwalimu. Nilikasirika siku ine, nikaacha kukuandikia. Siku ya tano nikapanda tena. Nimefanya safari yote juu ya uwongo wako na sheni haikuacha njia hata mara moja.

Nimefika hapa asubui. Si mubaya kama nilivyofikiri, ni viraje tu, na chini majani, na mahali pamoja majani haioti. Nilishuka. Tangu pale kinga inataka kwenda na mimi siwezi. Mara tatu nimeishika, mara tatu nimeiweka chini. Magoti hayana kosa.

Mambo ya mama yako nilisema si ya barua, sasa niko na barua tu. Ile siku hakutaka kupanda. Aliona mifuko ya chumvi imepita urefu, akasema angojee kamioni ya siku ya tatu. Mimi ndiye nilimufokea. Nilisema mutoto ameshalipa, unataka kupoteza makuta ya mutoto? Nikamusukuma na mukono huu akapanda. Yeye juu kule akanicheka, akasema Sébastien weye unapenda makuta. Ndiyo neno la mwisho.

Mukono niliokupa kwa mazishi ulikuwa baridi juu niliogopa utaniuliza. Haukuniuliza, ukajibebesha kifo chake weye mwenyewe, na mimi nikanyamaza nikakuacha ukibebe miaka saba. Hilo ndilo kosa langu, linapita la kwanza. Ninakuomba samahani, mutoto wangu.

Kwa kulala usiwaze, katekista wa kijiji cha karibu, Nicolas, amenipa kitanda. Kesho asubui nitakuwa tena hapa. Sijawahi kukuomba kitu isipokuwa kinga. Kuja. Batizo ni siku ya Mungu, wakati ungali. Kuja unishike porte-bagage nyuma, namna nilikushika weye ulipokuwa unajifunza, mpaka tupite hapa mahali. Kisha utaachilia, nitaenda mwenyewe.

Kinga nimeisimamisha kando ya barabara, upande wa Bunia. Utaiona kabla ya kuniona mimi.

Baba yako