Kula Moja kwa Kila Mtu

Jumatatu, 9 Februari 1976

Leo nimetoa jina! Mimi Uledi, darasa la nne, mpishi wa meli ziwa zima, Mwanza, Bukoba, Kisumu. Nimepika kwenye mkonge Tanga. Nimemlisha Mgiriki mpaka akalia machozi — ya pilipili, lakini alilia. Leo ni mgombea uenyekiti wa tawi la Chama, hapa hapa Bariadi.

Sababu ni Kasmiri. Karani wa pamba, kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Jana mkutanoni alisimama akasema maduka ya watu binafsi yanafungwa nchi nzima, kwa nini hoteli ya Uledi ibaki? Yeye akipata uenyekiti, hoteli inakuwa ghala la mbolea. Na katibu ameshasema kwamba habari ya hoteli itaamuliwa na mwenyekiti mpya. Basi. Ama niwe mwenyekiti mimi, ama mbolea ilale nilipopanga vikombe.

Eti mimi mnyonyaji! Nusu ya Bariadi inaninyonya mimi, na nusu nyingine inasubiri zamu.

Kinachoniuma ni kwamba huyu Kasmiri amekula kwangu tangu ahamie toka Kalemela. Kona ya dirishani, sahani ya maharage. Kila siku kijiko cha kwanza anapiga kelele, "Uledi! Chumvi imezidi." Kisha anaifuta ile sahani mpaka naogopa maua yake yatafutika. Leo hakuja. Mke wangu Mboni kaniuliza, sahani ya Kasmiri niifunike? Nikamwambia, mpe mbuzi.

Jumatano, 11 Februari

Katibu wa tawi, ndugu Joakim, kaja na baiskeli yake. Mtu mwema, lakini sheria zimemkausha. Upepo umeng'oa paa la ofisi ya Chama, kwa hiyo uchaguzi utafanyika uwanjani mbele ya hoteli yangu. Jumapili ya tarehe 22. Utaratibu ni mstari: anayemtaka Uledi asimame nyuma ya Uledi, anayemtaka Kasmiri nyuma ya Kasmiri.

Nimefurahi. Uwanja wa nyumbani! Lakini akaongeza: mgombea halishi mtu. Ni hongo. Siku hiyo jiko lisiwake kabisa.

Nikamuuliza, hata chai?

Hata chai.

Hata maji?

Akafikiri sana, akavua kofia. "Maji ni ya Mungu," akasema. "Lakini usiyachemshe."

Atakayelisha, jina linafutwa hapo hapo.

Nchi hii sasa ni mistari tu. Operesheni ya vijiji ya mwaka juzi imezipanga nyumba za watu mstari kando ya barabara kama meno. Pamba tunapanda kwa mstari. Sukari mstari, sabuni mstari, khanga mstari wa ngumi. Wiki iliyopita nimeona watu wamepanga foleni dukani, nikauliza kuna nini, wakasema hawajui, wamekuta mstari wakaingia. Sasa na uongozi tunapata kwa mstari. Sawa! Mimi ni mrefu, nitaonekana.

Ijumaa, 13 Februari

Kampeni! Kasmiri kaanza. Ana maneno ya redioni. Kata mirija! Kupe! Ubepari ni unyama! Akafika mahali akapaza sauti, "Ndugu wananchi, tuwashinde mabeberu!" Na beberu wangu, yule mbuzi wa madoa niliyemfunga nyuma ya jiko, akajibu palepale. Mbeeee! Uwanja mzima ukaanguka. Kasmiri akasubiri watu wanyamaze. Akarudia. Mbuzi naye akarudia. Hotuba ikafa.

Halafu akasimama mayu Nyanjige, yule mama mjane anayeniletea maziwa. Mkono umeshika kiuno, ulimi haujashikwa na chochote. Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu Kasmiri, mimi nina ng'ombe, kupe namjua. Kupe anashika ng'ombe, ananenepa, ng'ombe anakonda. Sasa mtazame Uledi alivyo na mifupa, halafu jitazame wewe ulivyokuwa ukitoka hotelini kwake. Nani kupe?"

Nilitaka kumbeba. Lakini nilipomtazama Kasmiri nikaona kweli shati limeanza kumpwaya. Siku nne tu!

Mimi hotuba yangu fupi. Nimesema nimefika Kisumu. Wakapiga makofi.

Jumanne, 17 Februari

Kasmiri anajipikia. Moshi unatoka mpaka chini ya mlango. Jana kaunguza ugali, mtaa wote tumenusa. Mkewe yuko kwao Kalemela, kajifungua, hatarudi leo wala kesho.

Nimemwambia Mboni, mpelekee bakuli la maharage, lifunike vizuri, pita nyuma. Mboni akanitazama: "Baba Siwema, huyu anataka kukutoa nje na vikombe vyako." Nikamwambia ndiyo, lakini ugali ule si chakula, ni adhabu. Akaenda. Akarudi na bakuli lilivyo. Kasmiri kamwambia, "Wabeja, asante shemeji, lakini mumeo mgombea, na mimi sihongwi."

Hakuufungua hata mfuniko! Wanaume wa namna hii ndio wanajenga taifa. Au wanaunguza ugali. Sijaamua.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nimecheka mpaka Mboni kanimwagia maji.

Mbiu ya uchaguzi kapewa Maganga. Ana kipaza sauti cha bati alichojitengenezea, na baiskeli isiyo na breki, kwa hiyo habari zinapita kasi. Sauti ya simba. Tatizo ni moja. Maganga ni Msukuma wa ndani kabisa, na herufi ya R kwake haijafika. Ipo njiani. Basi nimesimama mlangoni namsikia anateremka toka upande wa soko:

"Ndugu wananchi! Jumapili asubuhi! Wote mje hotelini kwa Uledi, kula! Mwanamume kula! Mwanamke kula! Mtu asikose kula! Kula ni haki yako!"

Nikamsimamisha — yaani aligonga ukuta wangu akasimama. Nikamwambia, ngosha, sema KURA. Ulimi uruke. Rrrr.

Akasema, "Kula."

Kura!

"Si ndiyo hiyo nasema? Kula!" Na amekasirika kweli, eti watu wa kutembea tembea tunajifanya tunajua Kiswahili kuliko wenye masikio. Akapanda baiskeli, na nilimsikia mpaka anapotea: "Na msidanganye! Mtu mmoja, kula moja!"

Nimeacha. Nani asiyejua kwamba Jumapili ni uchaguzi? Hata mbuzi anajua.

Jumamosi, 21 Februari

Kesho! Nimenyoa. Nimepiga pasi kaunda suti. Hotuba ya ushindi nimeifanyia mazoezi mbele ya beberu, kasikiliza hadi mwisho, kuliko wajumbe wengi.

Jambo moja la ajabu. Leo wanawake watatu wamenisimamisha njiani kunipa pongezi. Mmoja kauliza, "Utapika nini?" Nikadhani utani. Nikamjibu, pilau! Akapiga vigelegele.

Wanawake wakipiga vigelegele kabla ya uchaguzi, Kasmiri atafute kazi nyingine.

Jumapili, 22 Februari. Asubuhi

Naandika haraka. Nje kumejaa.

Nimefungua dirisha kupata hewa ya uenyekiti nikakuta watu mpaka kwenye mti wa mkaratusi. Nikasema moyoni, Uledi, nchi inakupenda! Kisha nikaona mabakuli. Kila mtu ana bakuli. Wazee wana bakuli. Watoto wana vifuniko vya sufuria. Watu wa Sapiwi, ambao si wa tawi hili hata kidogo, wamekuja na kijiko kimoja familia nzima. Maganga kumbe alifika mpaka huko.

Nikatoka nimevaa suti. Nikapanda juu ya benchi. Ndugu zangu, nikasema, hapa hakuna kula! Leo ni kura!

Mayu Nyanjige, mbele kabisa, bakuli la ukubwa wa karai limefungwa kwa khanga mgongoni kama mtoto. "Ndiyo, baba," akasema. "Kula. Tumeitwa."

Si kula. KURA!

Akawageukia wenzake. "Anasema kula." Wote wakaitikia, kula, kula. Nikamuuliza mbona bakuli kubwa hivi? Akanijibu polepole kama unavyomwambia mtoto, "Si mmesema mtu mmoja kula moja? Basi hiyo moja iwe ya maana."

Hapo nilicheka peke yangu. Wengine hawakucheka. Nikawatazama vizuri. Huu ni mwezi wa Februari. Mahindi bado ni majani. Mashamba ya zamani operesheni imeyaacha mbali, mapya hayajazoea watu. Majumbani imebaki michembe, viazi vikavu vya mwaka jana, unatafuna mpaka taya linaomba ruhusa. Mzee mmoja kavaa koti la harusi. Kuja kula.

Joakim hayupo. Alikwenda Kasoli jana, lori limezama kwenye udongo mweusi, katuma ujumbe kwamba atafika saa nne. Kasmiri kasimama peke yake upande ule, mkono kifuani, anasubiri mstari wake. Mashavu yameingia ndani.

Mboni kanivuta jikoni. "Baba Siwema. Ukiwasha moto huo, jina lako limefutwa. Hoteli imekwenda."

Najua.

"Miaka yote hii."

Najua, Mama Siwema.

Akaniangalia suti. Kisha akasema, "Ivue basi, itaingia masizi." Na kibiriti alikuwa nacho yeye.

Naenda kumchinja beberu.

Jumapili hiyo hiyo. Mchana

Oyeee! Nimepika kama enzi za meli, abiria mia na dhoruba juu! Gunia la maharage lote. Unga wa udaga, ule wa muhogo, wote. Beberu mzima, mpaka kwato. Nyanjige kaleta maziwa yake mgando, akawa anagawa yeye, anamtukana kila mtu kwa jina la babu yake. Mzee wa koti la harusi kala, kasimama, kacheza kidogo, kakaa.

Nimewapanga mstari ili wasikanyagane. Wamezoea. Mimi mbele mlangoni na upawa, wao nyuma, mstari umetoka uwanjani ukazunguka mkaratusi. Hoteli yangu inakufa leo — nilijisemea — lakini inakufa imejaa!

Saa tano katibu Joakim akatokea kwa miguu, tope mpaka magotini. Akasimama. Akatazama upande huu: mimi, na nyuma yangu mstari ambao mwisho wake hauonekani. Akatazama upande ule: hakuna mtu. Hata Kasmiri hayupo.

"Ndugu Uledi," akasema, "huu ni mstari wa kula?"

Kabla sijajibu, mstari mzima: "Kula!"

Joakim naye ni Msukuma, kwake kura na kula ni neno moja. Akafurahi. Akatoa kalamu. Halafu pua yake ikafanya kazi. Akaona sufuria. Akaona moshi. Akaona pembe za beberu juu ya gogo.

"Nilikukataza kulisha."

Nikasimama wima na upawa. Nikamwambia, ndugu Katibu, Chama kimetuagiza tupambane na mabeberu. Leo nimemmaliza mmoja. Hapa tunamfanyia mazishi.

Watu wakalia kwa kicheko. Joakim hakucheka, lakini shingo ilicheka. Akakaa kwenye benchi. Akasema kama ni mstari wa chakula, jina langu linafutwa. Kama ni mstari wa kura, nimeshinda hivi kwamba hana pa kuandika. Na hawezi kujua ni upi. Atauliza mtu mmoja mmoja, na asitoke mtu mstarini. Akaanza kwa watu wa Sapiwi, akawaambia watoke, si wa tawi hili. Wakagoma. Hatujala, wakasema.

Nyanjige akampelekea sahani. Joakim akaisukuma. Nyanjige akairudisha. "Kaka, umetembea toka Kasoli. Hii si hongo. Wewe hugombei." Sasa anauliza huku anatafuna.

Mimi kaniambia nikae ndani nisiwatishe wapiga kura. Ndiyo nipo jikoni, naandika juu ya sufuria nililolipindua, nasikia yote dirishani.

"Mayu, uko hapa kwa kula au kwa kula?"

"Kwa kula."

"Ya Uledi?"

"Sasa ya nani? Kuna mwingine kapika?"

Anaandika. Mwingine. Kula. Mwingine. Kula, na kama kuna mchuzi. Mwingine kasema yeye amekuja kwa yote mawili, kwani yana tofauti gani? Anaandika. Sijui anaandika nini! Mboni kachungulia, anasema kalamu inakwenda upande mmoja tu.

Anafika mkiani mwa mstari. Mboni kaziba mdomo kwa khanga, ananionyesha kwa kidole nije, nisije, nije.

Sauti ya Joakim, chini chini: "Ndugu Kasmiri. Na wewe umo kwenye mstari huu?"

Kijiko kinagonga bakuli.

"Ndugu, lazima niandike. Nikuandike wapi?"

Kijiko kimesimama. Hata Nyanjige kanyamaza, jambo ambalo halijawahi —

"Uledi! Chumvi imezidi."