Maji Niliyoyasifia Redioni

Jumatano, saa kumi jioni. Mvua imekatika sasa hivi, na udongo mwekundu wa uani unatoa mvuke kama chungu.

Tangu asubuhi sijameza kitu ila chai. Kila gari linalopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, naacha kalamu, nasikiliza mpaka lipite.

Niandike yote tangu mwanzo, maana nikilala bila kuandika, kesho nitaanza kujidanganya.

Kazi yangu ni kusoma habari kwa Kiswahili katika studio yetu ndogo hapa Kolwezi. Walinichukua kwa sababu baba ni mtu wa Kasongo, na nyumbani kwetu Kiswahili hakivunjwi ovyo. Watu wa mtaa wa Dilala wananiita Mama wa Redio, ingawa sijaolewa wala sijazaa. Najivunia jina hilo.

Nilikuwa najivunia.

Wiki hizi zote kichwa changu kilikuwa Amerika. Kila jioni, saa moja, mimi na baba tunaketi karibu na redio yake, ile anayoipakia garini akipeleka mizigo Dilolo, tunawasikiliza Waamerika wakisema Kifaransa. Jioni moja wagombea wawili walikuwa wanaulizwa maswali mbele ya watu. Mmoja wao ni rais mwenyewe, aliye kitini. Mwandishi akamuuliza jambo, rais akazungukazunguka. Mwandishi akamwambia, bila hasira, kwamba swali bado halijajibiwa. Akaliuliza tena, maneno yaleyale.

Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Ule muandishi, leo atalala kwake kweli?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa naandika.

Nikatengeneza maelezo mafupi ya kusoma baada ya habari. Tata Kabange, mkuu wa studio, aliniruhusu kwa sababu Amerika iko mbali, na moto wa mbali hauunguzi paa lako. Nilieleza jinsi magazeti ya kule yanavyochukua maneno ya mgombea na kwenda kutazama kama ni ya kweli. Nikaeleza pia kwamba gazeti lenyewe likikosea, linawaambia wasomaji wake: tulikosea, ukweli ni huu. Sentensi hiyo niliisoma polepole, kwa sauti yangu nzuri kabisa. Nilijiona mmoja wao.

Na mimi sijawahi hata siku moja kumuuliza mkubwa yeyote wa hapa kwetu swali la pili. Wala la kwanza.

Alhamisi ya juma lililopita ikaletwa karatasi ya tangazo. Mjumbe wetu (jina lake siliandiki, daftari nalo laweza kukamatwa) amelitembelea bomba la mtaa kule Dilala, lile lililokuwa limeharibika. Limetengenezwa. Amekunywa glasi nzima mbele ya wananchi. Maji ni safi, na akina mama hawana haja tena ya kuyachemsha.

Nilisoma mara tatu: saa sita, saa kumi, saa kumi na mbili.

Kutoka studio mpaka bomba lile ni dakika kumi kwa miguu. Napita pale nikienda kwa shangazi. Jumatano yake, siku moja kabla ya karatasi, nilipita nikaona maji yanatoka na rangi ya chai, na mfereji wa maji machafu umebomoka pembeni yake. Niliona kwa macho yangu. Alhamisi nikaishika karatasi, nikajiambia labda wamelitengeneza asubuhi hii.

Nikasoma.

Hilo ndilo nililokuwa sijamwambia mtu, hata baba.

Juzi Jumatatu mama mmoja aliingia studio, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, ningemwita mlinzi.

"Mi niko Mama Numbi," akasema. "Nauzishaka mikate pa mulango ya masomo. Ni weye unasomaka habari?"

Nikasema ni mimi.

"Mutoto yangu Ngoyi iko ku hospitali, leo siku ya ine. Anahara tu. Mi nilikuwa nachemushaka mayi kila siku. Ile siku ulisema bamama tuache, nikaacha. Makala ya moto ni nguvu kupata. Nikasema, Mama wa Redio hawezi kutudanganya."

Nikajibu jibu ambalo hata sasa nikilikumbuka masikio yanawaka. "Si mimi niliyeandika, mama. Mimi nasoma tu."

Akahamisha viatu mkono wa pili. "Lakini ni sauti yako njo iliingia mu nyumba yangu."

Akaendelea, polepole, kama mtu anayehesabu mikate. Jirani yake, mama mdogo wa miaka kama ishirini, alimzika mtoto wake Kyungu Jumamosi. Ugonjwa uleule, bomba lilelile. Kyungu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kushikwa.

Mlangoni akageuka. "Ulituambia kule Amerika gazeti ikikosaka, inasema, nilikosa. Na hapa kwetu?"

Akaondoka, hakungoja jibu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tata Kabange. Si mtu mbaya. Ana watoto sita, na anaijua njia waliyopita wenzake wawili waliowahi kusema zaidi ya karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango.

"Mwamini, binti yangu, karatasi ya bakubwa haisahihishwi. Tungoje ingine."

"Na kama ile ingine haiji?"

"Tutangoja."

"Batoto banakufa, tata."

Akapangusa miwani yake muda mrefu sana. "Najua," akasema. "Mi pia nilisikia."

Mchana ule nikaenda hospitali. Vitanda vya wodi ya watoto vilikuwa vimejaa, na kila mama niliyemuuliza alinitajia mtaa mmoja. Ngoyi, binti wa miaka minne, midomo imepasuka, macho makubwa yanamfuata kila anayepita na kikombe. Mama mtawa anayesimamia wodi alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Nilimwomba aniandikie. Akaandika mistari mitatu: maji ya bomba lile yasinywewe bila kuchemshwa, hilo ni agizo la hospitali. Akatia sahihi. Hakuniuliza ni ya nini. Nadhani alijua.

Kisha nikaenda bombani. Nilifungua, nikakinga viganja. Rangi ya chai. Nilisimama pale, maji yananitoka vidoleni, nikawaza kwamba kazi yote niliyotakiwa kuifanya Alhamisi ilikuwa hii tu. Dakika kumi za kutembea, dakika moja ya kufungua bomba.

Jana, Jumanne, Waamerika walikuwa wanapiga kura. Tata Kabange alinipa habari ya kusoma saa sita: wananchi wa kule leo wanawahukumu viongozi wao kwa karatasi. Nilisoma. Ilikuwa ya mwisho, baada yake ni muziki. Lakini sikumpa Tata Kabange ishara ya muziki.

Nilisema hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu nililiandika usiku wa kuamkia jana na kulichana mara nyingi: "Wananchi wasikilizaji, Alhamisi iliyopita niliwasomea kwamba maji ya bomba la mtaa, Dilala, ni safi. Sikwenda kuyatazama kabla ya kusoma. Jana nimekwenda. Si safi. Hospitali inawaagiza akina mama wote wachemshe maji hayo. Tulikosea, na mimi niliyesoma nilikosea."

Nyuma ya kioo Tata Kabange alinyanyua kichwa kwenye neno la kwanza. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe cha kukata sauti. Nilikuwa nasoma huku nautazama mkono ule. Ulitulia pale. Haukubonyeza mpaka nilipomaliza.

Nilipotoka alikuwa amesimama barazani anatazama mvua.

"Umenifunga kamba, Mwamini," akasema. "Na mi niliacha unifunge."

Saa kumi ikaja barua. Nifike ofisi ya zoni, kwa wakubwa wa serikali, leo Jumatano saa mbili asubuhi.

Leo asubuhi baba alikuwa amekwisha sikia habari za Amerika. Alikuwa amesimama mlangoni na redio begani. "Ule rais wa Amerika ameshindwa," akaniambia. "Anatoka. Kwa karatasi tu." Halafu akaninyooshea kitambaa kichwani, jambo ambalo hajafanya tangu nikiwa darasa la tatu, akasema nisijibu upesi, nipumue kabla ya kila jibu.

Ofisini alikuwapo mkubwa aliyeniita, amevaa suti ya abakosi, ya kijivu, na dirishani ameketi mjumbe mwenyewe. Mkubwa aliniuliza nani amenituma. Nikapumua, nikasema hakuna. Akaniuliza ni redio gani ya nje ninayosikiliza. Nikapumua, nikasema ile inayosikilizwa na kila mtu wa Kolwezi mwenye betri. Nikamkabidhi karatasi ya mama mtawa. Akaisoma, akaisoma tena, akaifunika na mkono.

Mjumbe akasema kutoka dirishani, "Mi nilikunywa ile mayi mbele ya bantu bote. Bote baliona."

Sijui sauti ilitoka wapi. "Tata mjumbe, mayi ya mu glasi ilitoka ku bomba, ao ilitoka fasi ingine?"

"Nimesema nilikunywa mbele ya bantu."

"Ndiyo, tata. Lakini ilitoka ku bomba, ao fasi ingine?"

Nilisikia mvua inaanza kwenye bati. Mjumbe alitazama nje, kisha akamtazama mkubwa, kisha akavuta kofia yake. Mkubwa akaniambia inatosha, nitoke, ningoje nje.

Nilingoja saa nzima kwenye benchi. Nilipoitwa tena mjumbe alikuwa ameondoka kwa mlango mwingine. Uamuzi ni huu: kuanzia leo sisomi tena. Nitapanga sahani za muziki kwenye kabati mpaka wao watakapoamua vingine. Tata Kabange atapata barua ya onyo. Kuhusu mimi "bado wanatazama". Neno hilo ndilo linalonifanya niyasikilize magari.

Kwa hiyo habari ya rais aliyeshindwa kwa karatasi ataisoma mtu mwingine, kama itasomwa.

Nikirudi nilipita bombani. Wafanyakazi wawili walikuwa wamefungua mpini wake, na mwingine anachimba mfereji. Nikamuuliza mmoja nani amewatuma. Akasema wametumwa asubuhi hii, upesi upesi, wasiseme kitu. Hakuna tangazo lililosomwa. Halitasomwa.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kidogo, hatua kama ishirini hivi.

Halafu miguu ikanipeleka kwenye kilio, matanga ya mtoto Kyungu.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, mvua inapiga. Mama Numbi alikuwapo. Alinyanyuka akaniambia kwa sauti ndogo kwamba Ngoyi amekunywa uji leo, vijiko vitatu, na haukurudi. Kisha akanyoosha kidole upande wa ukuta. Mama wa Kyungu ni mdogo kuliko mimi. Alikuwa ameegemea, kikwembe kimefungwa kifuani, kitambaa cha mtoto mapajani, amekikunja vizuri.

Njiani nilikuwa nimejiandalia Kiswahili kizuri cha redio. Kilipotea chote.

Nikapiga magoti. "Mama, mi niko Mwamini wa redio. Ile karatasi ya mayi, mi njo niliisoma. Na mbele ya kuisoma, niliona bomba. Niliona mayi iko mubaya. Niliona, na nilisoma."

Wanawake wakaacha kuimba. Jana kwenye redio nilisema sikwenda kutazama. Ni kweli, baada ya karatasi sikwenda. Lakini ukweli wote ni huu nilioutoa pale mkekani, na nilihitaji kuuona uso wake ndipo uweze kunitoka.

Akanyanyua macho. "Uliona?"

"Niliona."

Nilingoja anipige. Mama mmoja mzee alinishika bega, nadhani alitaka kunitoa kabla mambo hayajaharibika. Mama wa Kyungu akatikisa kichwa. Akalia kwanza, muda mrefu, uso kwenye kitambaa kile. Kisha akajisogeza ukutani, mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Tulikaa bega kwa bega mpaka saa tisa na nusu, mvua ilipopungua, na nilipoaga hakuitikia.

Sijui "kaa" yake ilikuwa msamaha au hukumu. Labda mwenyewe hajui. Kesho kabla ya kwenda kwenye sahani za muziki nitapita tena, niketi. Akinifukuza nitaondoka, na keshokutwa nitapita tena.