Ng'ombe Si Wangu, na Mwenyewe Simtaji

Mpendwa Mama Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na wa nyumbani kwako, na wahariri wote wa gazeti, na hata yule anayefagia ofisi, kwani naye ana sehemu yake katika kulinda barua za watu. Sisi huku Tlawi hatujambo, ni ukungu tu na baridi, na maharage yamestahimili. Naomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii niliianza kabla ya Kwaresima nikaiweka kando, kwa sababu sikuona ni kwa namna gani nzuri mtu aliyekuwa katekista anaweza kumweleza mama wa watu kwamba ameshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Sasa nimetambua kuwa namna nzuri haipo, hivyo naisema kwa namna mbaya: nimeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe, na naomba msaada wako.

Mimi ni mgane. Marehemu mke wangu Bernadina angalikuwapo, haya yasingalinipata, kwa kuwa katika nyumba yetu yeye ndiye aliyezungumza na polisi na watoza ushuru, nami nilizungumza na mapadre na wageni wa mbali, na mgawanyo huo ulitufaa miaka yote. Tangu afariki nimekuwa nikizungumza na kila mtu, na matokeo yake ndiyo haya.

Desturi yetu unaifahamu, ila kwa ajili ya wasomaji wa mbali niieleze. Mwenye ng'ombe hawalazi wote katika zizi lake, bali humkabidhi rafiki huyu mmoja na rafiki yule mwingine, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande wa pili usalimike, na anayetunza hunywa maziwa, na mwenyewe hubaki na ng'ombe na uzao wake, na midomo ya wote wawili hufungwa, kwa maana mtunzaji anayetangaza ni ng'ombe wa nani wamelala kwake hatakabidhiwa tena hata mbuzi. Nami ninaye rafiki wa namna hiyo, mfugaji wa Getanuwas kule Hanang, ambaye sitamtaja. Rafiki huyo alinikabidhi ng'ombe mmoja mwekundu, kwa siri, ili baadaye amuuze amsomeshe binti yake sekondari, maana mwanawe mkubwa, Michael, ameshikwa na homa ya pikipiki na huona katika kila ng'ombe magurudumu mawili. Baba alimwambia mwanawe kwamba ng'ombe amepotea, kisha akashuka na mifugo mingine kutafuta malisho, wala hajarudi, na sidhani kuwa habari hizi zimemfikia huko aliko.

Basi Michael akapita Tlawi katika kuhani msiba, akamwona ng'ombe wa kwao akila majani yangu, akaitambua alama ya sikio, akaenda kuleta polisi. Simlaumu kijana. Aliambiwa amepotea, na amemkuta.

Mama Mshauri, nilipowaona askari wakiingia uani niliwakaribisha vizuri. Niliwatolea viti na maziwa, na maziwa yenyewe, nisamehe, yalikuwa ya ng'ombe huyohuyo. Walipomaliza kuyanywa, mkubwa wao akauliza, "Mzee, huyu ng'ombe ni wako?"

"La hasha, afande," nikajibu, "si wangu."

"Ni wa nani?"

"Naomba unisamehe, siwezi kusema."

"Umempataje?"

"Hilo nalo, afande, ningeomba tuliache."

Michael akapiga makofi. "Mmesikia! Huyu babu ni mwizi mwenye adabu kuliko wote! Amekiri, halafu ameomba samahani!"

Kituoni askari kijana aliandika maelezo yangu, naye mwandiko wake ulikuwa wa kusikitisha na sentensi hazikuwa na vituo, nikamwomba kalamu nikamsaidia kuyapanga. Binti yangu Benedikta, ninayeishi naye, aliposikia kwamba baba yake ameyanyoosha kwa mkono wake maelezo ya kumfunga, alikaa chini akacheka, kisha akalia, kisha akaenda kutafuta watu wa kunidhamini. Ng'ombe alibaki kituoni kama kielelezo. Kila ninapokwenda kuripoti humpelekea mzigo wa majani, kwa kuwa anakonda, na askari sasa wananiita "mlishaji wa kielelezo".

Mahakamani Mbulu nilisomewa shtaka, nikaulizwa kama ni kweli au si kweli. Nikaanza kwa kumsalimu mheshimiwa hakimu, nikaendelea kwamba katika yale yaliyosomwa yamo yaliyo kweli, kama vile jina langu, kijiji changu na rangi ya ng'ombe, na kwamba nisingependa kuyakana yote kwa pamoja kama mtu asiye na shukrani. Hakimu akavua miwani. "Mzee, naandika kwamba umekana. Nenda katafute wakili kabla hujajimaliza mwenyewe."

Nikaenda kwa Wakili Samira, binti wa familia ya wafanyabiashara wa pale Mbulu mjini, ambaye ofisi yake iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake Abdillah. Ni binti mwenye heshima. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akaeleza ada yake waziwazi. Nikamuuliza habari za wazazi, za kaka, za dukani, hata akatazama saa kwa upole.

"Babu, kesi hii ina jibu moja tu," akasema. "Ng'ombe ni wa nani?"

"Hilo ndilo jambo pekee ambalo siwezi kukuambia, binti yangu."

"Sasa nitakutetea kwa kitu gani? Kwa maziwa?"

Nikamshukuru kwa muda wake, nikashuka ngazi.

Chini ya ngazi nilikutana na Bwana Patriki, ambaye huonekana siku zote nje ya mahakama akiwa na mkoba na tai, na huwaandikia watu maombi yao. Alikuwa tayari anaijua kesi yangu. "Mzee, hao mawakili watakuchosha bure," akaniambia. "Siku ya kesi simama useme ni kweli, omba msamaha. Mvi hizi! Mheshimiwa atakuonya, utarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mimi nitazungumza na watu wangu ndani, wewe nitolee ya chai tu."

Na hapa ndipo ninapokwama, Mama Mshauri, kwa sababu shauri la Patriki linaukaa moyo wangu vizuri kama koti la zamani. Tangu utoto wangu misioni nimefundishwa hivyo: piga magoti, kiri, pokea malipizi, nenda kwa amani. Nikikiri, jina la Gidahosh litasitirika, mwanawe hatajua kwamba baba yake alimdanganya, nami nitalipa kwa heshima yangu kidogo, ambayo kwa umri wangu siihitaji sana. Lakini Benedikta anasema nikikiri nitafia gerezani, na kwamba mama yake atanigeuzia mgongo siku ya ufufuko.

(Naona nimelitaja jina. Nakuomba sana ulifute. Karatasi hii ndiyo ya mwisho, la sivyo ningeanza upya.)

Je, nikiri ili nimsitiri rafiki, au nirudi kwa binti Samira nikiwa sina la kumwambia? Tafadhali nijibu mapema, kwa kuwa kesi itatajwa juma lijalo.

Barua hii ataileta Bwana Patriki mwenyewe, kwa kuwa ana safari ya Babati, iliko ofisi yenu. Amejitolea, nami sikuona jinsi ya kumkatalia mtu mwenye tai. Bahasha nimeifunga kwa uji wa sembe, kwani gundi imetuishia.

Wako katika Kristo, mwenye kuomba radhi kwa urefu,

Mzee Tadei, Tlawi

MSHAURI ANAJIBU

(Majina nimeyabadilisha yote, pamoja na rangi ya ng'ombe. Jibu hili lilikwenda kwanza kwa mkono. Linachapwa sasa kwa ruhusa ya mzee, na ya rafiki yake.)

Mzee wangu Tadei, milele amina, na shikamoo. Shikamoo nimeshaitoa, basi niruhusu nikugombeze.

Umemnyima jina polisi. Umemnyima hakimu. Umemnyima wakili wako, mtu pekee katika wilaya nzima ambaye kazi yake ni kulihifadhi. Kisha umeliandika kwa wino, ukaliletea gazeti! Na mchukuzi umemchagua Patriki. Uji wako wa sembe, mzee, ulifika mezani kwangu ukiwa umegeuka gundi ya dukani. Unanielewa? Bahasha ilifunguliwa. Gidahosh amekwisha kujulikana, na anajulikana na mtu anayeuza anachokijua. Kwa hiyo acha kujiuliza kama siri itunzwe. Jiulize nani aifikishe kwanza, wewe au Patriki.

Nakuonea huruma, kweli. Mtu anayempelekea majani ng'ombe aliyemtia matatani si mwizi, na nilipofika hapo nilicheka hadi wenzangu wakaja kuuliza. Lakini kizimba si kiti cha maungamo. Padre akikusikia anakupa sala. Hakimu akisikia "ni kweli" anakupa miaka, na kwa wizi wa mifugo sheria haimwachii nafasi kubwa ya kutazama mvi. Isitoshe, unataka kukiri dhambi ambayo hukuitenda. Hivyo ndivyo ulivyowafundisha watoto wa komunyo ya kwanza? Huo ni uongo, mzee, hata ukiusema umepiga magoti.

Na fikiri kidogo mbele. Ukikiri, ng'ombe anarudishwa kwa mlalamikaji. Mlalamikaji ni Michael. Kabla ya mnada ujao ng'ombe atakuwa pikipiki, na binti wa rafiki yako atakuwa nyumbani anakoka moto. Gidahosh alikukabidhi ng'ombe ili binti asome. Wewe unataka kulinda midomo na kumpoteza binti. Desturi yenu haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Sasa sikiliza la kufanya. Siri ya ng'ombe ni ya Gidahosh, basi yeye ndiye wa kuifungua. Atumwe mtu leo amfuate malishoni, aje asimame mahakamani aseme, "Ni wangu, nilimkabidhi." Kwa mwanawe ataona haya, ndiyo. Haya ya baba hupona. Wakili atajua ni wazee gani wa Getanuwas na wa Tlawi waje kueleza mahakama kukabidhiana ng'ombe ni kitu gani, maana yeye ni wa hapahapa, amekulia kati ya watu wanaokabidhiana. Ndiyo faida ya wakili wa karibu. Mkubaliane ada kwa maandishi, akupe stakabadhi. Patriki naye mwombe akuonyeshe cheti chake cha uwakili, kisha mtazame anavyoitazama tai yake. Majani ya kielelezo ayapeleke Benedikta. Wewe ukifika kituoni unaongea.

Patriki alikaa hapa kwenye benchi akisubiri jibu. Nimemwambia jibu bado, aende tu. Kisha nimempigia Benedikta simu, nikamwambia kwamba barua ya kumjibu baba yake itakuwa kwa Wakili Samira na si adabu kumwachia binti wa watu mzigo usio wake, nikijua wewe usingelala bila kuifuata. Jibu hili analichukua Abdillah, aliyeko Babati kununua mabati, nami naifunga bahasha kwa lakiri. Atamkabidhi dada yake mkononi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama unasoma mstari huu, umekwisha kupanda zile ngazi, na umekwisha kuketi. Inua macho. Binti aliye mbele yako anakusubiri umalize. Habari za wazazi wake umekwisha kuuliza. Mwambie jina.