Kiholanzi Katika Nyumba ya Eda

Alhamisi, Kilindoni. Mvua tangu alfajiri, umeme hakuna, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Leo hatimaye nimeelewa wakati timilifu wa Kiholanzi. Wiki nzima umenitoa jasho. Sisi tunatia "me" tu, nimekula, nimekwenda, mambo yamekwisha. Wao wanataka kisaidizi kwanza, halafu kitendo chenyewe wanakisukuma mwisho wa sentensi. Na visaidizi viko viwili! Nimekula ni "ik heb gegeten", lakini nimekwenda ni "ik ben gegaan". Hicho cha pili ni cha kwenda, kufika, kuondoka. Kufa nako kumo humo humo. Mijn vader is gestorven. Baba yangu amefariki. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza isiyo na kosa, na nimeilia.

Mtihani ni wiki ijayo, ubalozini Dar. Nikifaulu, naomba viza nimfuate mume wangu Rotterdam. Nikifeli, ndoa yetu itaendelea kuishi kwenye simu.

Mama hajui.

Anadhani mume wangu ndiye atakayerudi. Baba alifariki mwezi uliopita, mama yumo ndani anakaa eda, na mimi ndiye mtoto wao wa pekee. Ningeanzia wapi kumwambia?

Tatizo jingine, siwezi kujifunza kitu kimya kimya. Chuoni, tulikosomea Kurani utotoni, tulizoeshwa kukunja miguu mkekani na kusoma kwa sauti, mwili unayumba mbele na nyuma. Basi kila alasiri nikishaswali sivui hata ushungi. Nakaa ukumbini na karatasi zangu, nayumba, nanong'ona Kiholanzi.

Leo shangazi, dada yake baba, amekuja kutoka Bwejuu kumwangalia mama. Nilikuwa nawapelekea chai nikamsikia mama nyuma ya pazia.

"Wifi, mie sina hofu tena. Namwona pale kila alasiri anamsomea babake. Na mie nikifa, wa kunisomea ninaye."

"Alhamdulillahi," shangazi akajibu. "Umezaa, wifi."

Chai ilinimwagikia mkononi, wala sikusikia moto. Kumbe siku zote hizi mama yuko kitandani ananitazama na kufarijika, na mimi najifunza namna ya kumwacha. Nimejichukia.

Shangazi alipoondoka nilichukua msahafu, nikakaa kando ya mama, nikamsomea baba Yasini, ya kweli safari hii. Mama alinishika goti muda wote. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nikimaliza tu, namwambia.

Nikamaliza. Kabla sijafungua mdomo akainua mikono yake.

"Mola asikuondoe karibu yangu, mwanangu."

Nikaitikia amina.

Sasa huo mtihani nitauombea dua gani?