Blanketi la Nguo za Adela

Mwanangu Adela,

Kila barua niliyokuandikia ulipokuwa kazini Kibondo niliianza kwa kukuuliza afya. Leo kalamu imekwama hapo hapo. Basi acha nikueleze ya kwetu. Baba yako anakohoa kwa baridi hii, maharage yamekubali, na cherehani imefika.

Ndiyo, ile ile uliyoniagizia kabla homa haijakuchukua. Iliteremshwa kwenye lori pale Kasulu mjini, mbele ya duka la Mzee Salumu, nasi tumeshaondoa matanga yako. Kaka zako waliifunga kwenye baiskeli wakaisukuma mpaka huku Kagerankanda. Mimi nyuma yao, najibu watu kabla hawajauliza: "Ni ya binti yangu, yule Bibi Maendeleo anayefundisha wanawake Kibondo. Kanitumia mimi mama yake." Nilisema kanitumia, kana kwamba bado unatuma.

Nilipofika nyumbani niliifunika shuka. Sikutaka kuigusa.

Halafu mama mkwe wako akaleta habari kutoka Murungu kwamba atakuja kumchukua mwanao Eliza. Sikubisha. Mtoto ni wa kwao, na baba yake anamtaka karibu. Lakini mwanangu, Eliza bado mdogo mno. Siku moja alikuwa anachezea mchanga akaniuliza, "Bibi, yule mama wa baiskeli atarudi lini?" Mama wa baiskeli! Anakumbuka baiskeli yako ya kazi tu. Wewe uliyembeba mgongoni! Nikaona akiondoka hapa mikono mitupu, utamtoka kichwani kabla hajajua kusuka ukili wa mkeka. Ndipo nilipofungua sanduku lako.

Nilitaka kumshonea blanketi la nguo zako zote. Mke wa Mzee Salumu, Mama Zuhura, ambaye kwao ni pwani, ndiye aliyenieleza. Yeye analiita mfarishi. Juu unaweka vipande ulivyounganisha, katikati blanketi kuukuu, chini kitambaa cha marekani. Kisha unapiga bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikilia, ndipo unapitisha cherehani juu ya vyote vitatu. Akaniambia, "Anzia katikati, Mama Adela, ukienda pembeni." Mimi nikaanzia pembeni, kwa sababu ndivyo tunavyoanza kusuka mkeka, na mimi kwa mikeka nani ananifundisha? Kitambaa kikavimba katikati kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Nikafumua.

Miguu nayo ilinitesa. Nikikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Nikagundua Eliza akiwa mgongoni natulia, nakanyaga pole pole ili asiamke, na mshono unakwenda wenyewe. Ungeniona! Mama yako wa darasa la nne la misheni, mistari yangu imenyooka kuliko reli ya Kigoma. Majirani walikuja kutazama, wengine wakajidai wamekuja kuomba moto. Niliwaachia mlango wazi makusudi.

Gauni lako la buluu la kazini nililiweka katikati. Kando yake kitenge cha harusi, na kanga uliyombebea Eliza. Kila nilipokata nilisimama kidogo. Kitambaa kinalia chini ya mkasi, Adela. Hukuwahi kuniambia.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Cherehani ilianza kulia kwii kwii. Mafuta yake sikuwa nayo, nikafanya kama tunavyofanya kwa kila kitu humu ndani, nikaitia mawese. Ikanyamaza, ikawa laini, nikajisifu mpaka kwa baba yako. Asubuhi, na baridi ya hapa unaijua, mawese yalikuwa yameganda mle ndani. Kanyagio halishuki. Nikalazimisha gurudumu, matone mekundu yakarukia gauni lako la buluu. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu. Doa la mawese unalijua, halitoki. Nililia kwa sauti, kama siku ile tulipokuteremsha kaburini.

Na mama mkwe wako akafika hiyo hiyo asubuhi, kabla ya siku tuliyopatana, maana alipata lori mapema. Lori hilo linarudi kesho yake. Nusu ya blanketi haijashonwa. Akapiga makofi ya salamu mlangoni, "Mwakeye, mwakeye," akaingia, akaona mashine inachuruzika.

"Mkwe wangu," akasema, "mbona cherehani umeiunga kama kisamvu?"

Nilicheka, mwanangu. Sikuwa nimecheka tangu utuache. Nilicheka mpaka nikakaa chini kabisa, naye akakaa, na kicheko kikageuka kitu kingine, kwa wote wawili.

Nilimwambia mashine haitapona leo, labda ioshwe kwa mafuta ya taa, na mtoto ataondoka na blanketi nusu. Akaliinua, akawa anapitisha kidole juu ya vipande. Alipofika kwenye kitenge cha harusi kidole kikasimama. "Hiki nilimpa mimi." Kisha akavua kitambaa cha kichwa akasema, "Lete sindano. Mtoto wa Adela haendi kwetu na nusu ya mama yake."

Tulishona kwa mkono mchana kutwa, yeye upande ule, mimi huu. Mishono yake, nisikufiche, imepinda kama njia ya mbuzi. Nilimwambia. Akajibu yake angalau haina mafuta ya mboga. Jua lilipokuwa linazama tulikutana kwenye pindo.

Asubuhi kabla ya lori nilimkalisha Eliza juu ya blanketi nikamfundisha. Hapa mama anakwenda kazini. Hapa mama anaolewa. Hapa mama amenibeba. Akayarudia kwa kidole. Cha mwisho alikosea, akagusa gauni la buluu, pale kwenye doa, akasema, "Hapa mama amenibeba." Sikumrekebisha. Lori lilipoondoka alikuwa amejifunika mpaka kichwani, naye bibi yake wa Murungu amemshika. Hakulia. Nililia mimi, lakini si sana.

Adela wangu, lala. Mtoto anakujua. Cherehani nimeiosha, inakwenda, na wanawake wa hapa wameshaniomba niwafundishe, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ila mimi nafundisha vizuri zaidi. Nakuahidi jambo moja. Eliza atakua, na blanketi litakuwa fupi kwake. Kila nikienda Murungu nitampima, niongeze mstari mmoja wa vipande upande wa miguu. Nguo zako nimezimaliza zote. Nitaanza kukata zangu.

Mimi mama yako.