Walii Wangu na Mishumaa ya Bi Naomi

Rockville, Maryland
Disemba

Kaka yangu Badawi,

Assalaam aleykum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi afya ninayo, ila roho imenichoka. Nimemwomba rafiki yangu Edna, anayekuja Tanga likizo, akukabidhi barua hii mkononi, kwa sababu kwenye simu huniachi nikafika mwisho wa sentensi.

Umesema nisipoacha kazi kwa yule bibi Myahudi hutakuwa walii wangu wa kuniozesha. Baba hayupo, walii ni wewe, na Nabil wa watu anangoja kunioa tangu Mfungo Mosi. Kila akipiga simu anauliza umesemaje. Unajua huna pengine pa kunibana, ndiyo maana umenibana hapo.

Basi ngoja nikueleze nyumba yenyewe. Bi Naomi ni mwalimu mstaafu, mjane, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na ukaidi wake Mungu anaujua. Wiki hii ni Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa, kila jioni unaongezwa mmoja. Kaka, sikukuu hii itanitia wazimu! Nakwangua viazi mpaka vidole vinauma, nakaanga vitu kama katlesi, nyumba nzima inanuka mafuta. Halafu mishumaa ikishawaka, mila yao wanawake hawafanyi kazi mpaka izimike. Nikamwambia mimi si Myahudi na sinki limejaa vyombo. Akajibu kwamba nyumbani kwake mwanamke ni mwanamke, nikae. Nikakaa, vyombo vikaganda mafuta.

Tukikaa ni kubishana tu. Alisema mafunzo yao yanasema anayeua nafsi moja ni kama ameangamiza dunia nzima. Nikamwambia hayo yamo kwenye Suratul Maida, asijifanye ni yake peke yake. Akasema yao yalitangulia. Tukavutana mpaka wali ukaungua jikoni. Ndipo akauliza, kama wote tumeambiwa, mbona hasikii mtu? Mishumaa ilipozimika nilikwenda kukwangua sufuria.

Nimechoka na watu, kaka. Wenzake wa sinagogi wameacha kumtembelea kwa sababu anataka Wapalestina nao wawe na nchi yao, na watoto wa Gaza wale washibe. Mwanawe anapiga simu kumwambia kwamba anawasaliti Wayahudi waliouawa. Nami msikitini kina mama wananiuliza chakula cha nyumba ile kinapitaje kooni. Kila mtu ana wafu wake wa kuwalilia. Ukiwalilia wote, unaambiwa huna kwenu.

Juzi akataka mshumaa ukawashwe barabarani, Rockville Pike, pamoja na kikundi chake cha Wayahudi na Wapalestina wanaodai amani. Eti taa ile lazima wapita njia waione. Upepo ule! Tukiwasha unazimika, tukiwasha unazimika. Magari yanapiga honi, mengine ya kutuunga mkono, mengine ya matusi. Nilisukuma kile kiti huku nanung'unika njia nzima.

Sasa tuje kwenye ile picha uliyoitupa jana kwenye kundi la familia, ya mwanamke mwenye buibui aliyegeuza uso, kashika bango la Kiarabu na Kiebrania lisemalo watoto wote waishi. Uliandika kwamba amejidhalilisha, ukauliza kama hana kaka wa kumkanya. Shangazi Mwatime akaitikia amina.

Ni mimi, Badawi. Ningeweza kukudanganya kwamba nilimshikia bibi wa watu tu, kwa vile mikono yake ilikuwa inakinga moto. Si kweli. Bango nililiomba mwenyewe, na Jumapili ikifika nitalishika tena.

Kwa hiyo swali lako nakujibu. Mwanamke yule kaka anaye. Anaitwa Badawi, na dada yake anamwomba amwozeshe kabla ya Ramadhani. Ukikataa, mwambie Nabil kwa kinywa chako mwenyewe, usimtume Mama.

Wabusie watoto kwa niaba yangu, na Mama mwambie simu yake naingoja. Mungu akulinde, hata kama umenikasirikia.

Ni mimi dada yako,
Nadra